Shati Jeupe la Mhasibu

Februari 4

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya mwaka mpya ilifika imelowa pembeni lakini inasomeka. Umeuliza mbona Chiriku hakukuchorea kitu safari hii, na nimekaa na swali hilo siku nyingi nisijue nianzie wapi.

Chiriku anaumwa. Si kuumwa kwa kulala kitandani, ndiyo maana tulichelewa. Ilianza tumbo. Analilia tumbo, choo hapati, chakula anakisukuma. Kisha akawa na hasira, mtoto aliyekuwa akicheka na kila mtu, hata na msoma mita. Halafu maneno yakaanza kumpotea. Unajua jina hilo hatukumpa kwa kubahatisha. Huyu binti alikuwa akiongea tangu macho yanafunguka mpaka yanafumba. Sasa ananyoosha kidole. Anataka kikombe, ananyoosha kidole. Nikimwambia, "Sema kikombe," ananitazama kama nimemtungia mtihani.

Kliniki walimtoa damu. Majibu yamerudi: ana madini ya risasi mwilini, mengi. Usishtuke na neno lenyewe, si ya bunduki. Ni ile metali nzito ya kijivu inayotiwa kwenye betri za magari, na zamani kwenye rangi za mafuta. Muuguzi anasema mtoto mdogo huifyonza kuliko sisi, kwanza kwa sababu kila kitu anakipeleka mdomoni, halafu mwili wake huipokea ukidhani ni chakula cha mifupa.

Akanihoji pale pale kwenye benchi, watu wamejaa. Nyumba imejengwa lini. Bomba la maji ni la aina gani. Sufuria zimetoka wapi. Baba wa mtoto anafanya kazi gani. Nikamjibu mhasibu, kampuni ya usafirishaji. Akaandika. Aliposikia kuwa nyumba inanizidi mimi umri, akasema, "Basi tuanze na rangi." Akaja mwenyewe nyumbani, akachokonoa dirisha la mbele kwa kisu kidogo, akaondoka na unga wa kijani kwenye mfuko. Imepatikana, Baba. Rangi ya madirisha yote na ya mlango wa nyuma ina risasi.

Najua uliyapaka kwa mkono wako. Mwanao alinionyesha mahali kidole chako kilipogusa rangi haijakauka, alama ipo hadi leo. Sitaki kuyagusa bila wewe kujua. Lakini muuguzi anataka yatoke, na mimi nataka mtoto wangu. Unasemaje?

Mkweo,
Mama Chiriku


Februari 26

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta kwenye chumba cha kusomea cha hii nyumba ya wazee, na wenzangu waliponiona nilivyoikunja wakadhani nimepata msiba.

Unauliza nasemaje. Ng'oeni.

Nimeandika neno hilo kwanza ili lisinishinde mbele ya safari. Sasa niruhusu nikueleze kinachong'olewa. Nilipaka madirisha hayo mwaka aliozaliwa mumeo. Kopo la rangi lilikuwa zito hata muuzaji akalishika kwa mikono miwili, na akalisifia kwa uzito huo huo: "Hii ukipaka leo, wajukuu wako wataikuta." Hakusema uongo, maskini. Nilirudia mara tatu, nikisubiri kila safari ikauke, na mama yake mumeo, Mungu amrehemu, akinicheka kwamba napaka dirisha kama mtu anayepamba bibi harusi. Miaka yote hii ya ugenini, nikitaka kutulia, huwa nayafunga madirisha hayo moja moja kichwani, nikianzia la jikoni. Nitatafuta kitu kingine cha kufunga.

Nimekwenda maktaba, nimesoma. Tafadhali msikwangue. Anayekwangua rangi kavu huigeuza vumbi, na vumbi ndilo linaloingia mdomoni. Seremala alowanishe kwanza, ang'oe fremu nzima, afunge kila kitu kwenye plastiki, na mtoto asiwepo siku hiyo. Fagio liweke kando, tumia deki ya maji. Chiriku asikae na njaa, maana tumbo tupu hufyonza zaidi. Mpe maziwa, maharage, mboga za majani. Usiniwekee hata kipande cha ukumbusho.

Na mumeo je? Ni muda sasa haniandikii, ananitumia salamu kupitia kalamu yako. Ofisi imemmeza. Simlaumu. Hapa mezani naulizwa kila mara, "Mhasibu wako hajambo?" nami najibu kana kwamba nimetoka kuzungumza naye sasa hivi. Nilipolazimika kuondoka alikuwa mdogo kuliko Chiriku, shangazi yake akamlea, na nilichoweza kumfanyia kilikuwa barua na ada ya shule. Mwambie najivunia. Masikio yangu hayaisikii simu tena, vinginevyo ningemwambia mwenyewe.

Baba yenu


Aprili 19

Baba mpendwa,

Shikamoo. Madirisha yametoka. Seremala alikuja na mdomo mrefu kuliko msumeno wake. "Mama, unang'oa mbao kama hizi? Mbao hizi mtu anazikwa nazo!" Nikamwambia ndicho ninachokiogopa. Akalowanisha, akang'oa. Tulikuwa tumempeleka Chiriku kwa mama yangu.

Sasa tuna mbao nyeupe tu, hazina rangi. Upepo unapenya kwenye nyufa na mwanga umekuwa mwingine, kila kitu ndani kinaonekana kuchakaa zaidi kuliko tulivyodhani. Napiga deki asubuhi na jioni, pamoja na chumba chako cha mbele, ingawa hakilaliwi. Sufuria kuukuu nimeitoa. Maji ya bomba nayaacha yatiririke kwanza ndipo nakinga. Midoli ya rangi rangi ya sokoni nimeitupa. Chiriku alimlilia sungura wake mpaka sauti ikakauka, na jirani akagonga ukuta.

Jana tumepima tena. Haikushuka, Baba. Imepanda.

Muuguzi aliitazama karatasi, akaigeuza, kama vile jibu limeandikwa nyuma. Akanihoji upya, tangu mwanzo, na mimi nikamjibu upya vile vile. Akasema, "Kuna kitu hatujakigusa." Aliposema hivyo nilikuwa namfunga Chiriku viatu, sikuinua uso.

Kilichobaki cha yule Chiriku wa zamani ni jioni tu. Baba yake akitokeza kwenye kona ya mtaa na shati lake jeupe na mkoba begani, anamjua kwa mbali. Anakimbia. Anapandishwa mabegani, anakamata nywele za baba yake kwa mikono miwili kama hatamu, mdomo kaupachika utosini, na wanakuja hivyo mpaka mlangoni. Watu wa mtaa wamezoea, wanawatania: "Mhasibu, leo umeibeba jumla kuu!" Naye anawajibu, "Na haijapungua hata senti." Hapo ndipo mtoto anaposema maneno. Machache, lakini anasema. Huwa nasimama mlangoni nisiwakatishe.

Anakusalimu. Kazi zimemzidi.

Mkweo,
Mama Chiriku


Mei 10

Mwanangu,

Imepandaje? Kitu kimeondolewa, kipimo kikapanda. Maana yake ni kwamba hicho tulichokiondoa hakikuwa chote, au hakikuondolewa sawasawa.

Niwie radhi nikiuliza kama mwalimu. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi kabla sijawa mzee wa kulishwa kwa ratiba. Seremala alilowanisha kweli, au alilowanisha ulipokuwa unamtazama? Deki unaipiga kwa ndoo moja ya maji nyumba nzima? Maana huko ni kulihamisha vumbi chumba hadi chumba. Kitambaa chenyewe unakifua wapi? Kwenye karai lile lile la kumwogeshea mtoto?

Nyumba hiyo mama yake mumeo aliisafisha hata ukidondosha tonge unaliokota unakula. Sisemi kwamba wewe huwezi. Nasema kipimo hakipandi bure, na kwamba yupo mtu ndani ya nyumba hiyo ambaye hafanyi jambo ipasavyo. Kama kazi imekuzidi, sema, tutafute wa kukusaidia, hakuna aibu.

Nakushauri ukae na mumeo. Yeye ni mtu wa mahesabu. Mpitie pamoja kila kinachoingia mlangoni na kila kinachotoka. Yeye ataliona.

Baba yenu


Juni 2

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, na kitambaa cha deki mkononi. Maji nabadilisha kila chumba. Kitambaa nakifua nje, kina karai lake. Sijawahi kukujibu vibaya na leo pia sikujibu vibaya, ila nimechoka, na uchovu huu siwezi kuubeba pamoja na uongo.

Mwanao si mhasibu. Kampuni ilifungwa mwaka juzi. Alizunguka na vyeti vyake mpaka soli zikaisha, kisha mtu mmoja aliyesoma naye akampeleka kwenye yadi ya vyuma chakavu nyuma ya soko. Huko wanavunja betri za magari. Wanazipasua kwa shoka, wanamwaga maji yake makali, wanatoa vibao vya ndani, wanaviyeyusha kwenye pipa lililokatwa na kuvimimina kwenye kalibu. Hiyo ndiyo risasi, Baba. Ndiyo yenyewe.

Anaondoka asubuhi na shati jeupe lililopigwa pasi. Mimi ndiye ninayelipiga. Akifika yadini anavaa ovaroli. Jioni anaivua anaiacha huko huko, ananawa, anavaa shati lake, anarudi. Kwa ajili ya mtaa, na kwa ajili yako. Kwa ajili yako zaidi. Nimemwambia mara nyingi, "Mwandikie baba yako." Ananijibu, "Nimwandikie nini? Kwamba ada yake naipasua kwa shoka?"

Muuguzi aliponiuliza kazi ya baba wa mtoto, benchi lilikuwa limejaa majirani. Jibu lilitoka lenyewe, lilikwisha zoea. Mara ya pili lilitoka pia. Na tulijituliza sote wawili: si anarudi msafi? Shati halina doa. Mtoto angeupata wapi uchafu wa yadi kwenye shati jeupe?

Wiki iliyopita Chiriku alishikwa na degedege. Wamemlaza. Nilimfuata muuguzi kwenye korido nikamwambia. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alivuta kiti, akakaa, akauliza swali moja: "Baba yake akifika nyumbani, mtoto anamgusa wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na jioni zote zile zikanijia kwa pamoja.

Nywele, Baba. Walimchana kitana juu ya karatasi nyeupe mwanao akiwa ameinamisha kichwa, mtu mzima, watu wanapita. Kilichodondoka kilikuwa kama majivu ya sigara. Na mimi nilikuwa nasimama mlangoni nisiwakatishe.

Anapewa dawa ya kuitoa. Daktari anasema iliyomo kwenye damu itatoka, iliyoingia kwenye mifupa itatoka taratibu sana, na kuhusu ile iliyokwisha fika kichwani haniahidi kitu. Madirisha yako yalikuwa na sumu, muuguzi hakukosea. Lakini siyo yaliyokuwa yakimlisha.

Naomba usimwandikie kwa ukali. Nimemwambia kwamba nimekuambia. Anazunguka nje ya wodi kama mlinzi ambaye hajaambiwa analinda nini.

Mama Chiriku


Julai 8

Baba,

Shikamoo. Huu ni mwandiko wangu, kama umeusahau.

Mama Chiriku amekuambia yote, kwa hiyo mimi nakuandikia yaliyobaki. Nilikuwa nanawa mikono. Nataka ulijue hilo ingawa halisaidii. Nilinawa mpaka viwiko, kwa sabuni ya unga, nikajifuta, nikanusa vidole. Wenzangu walinitania: "Mpisheni Mhasibu, anaingia kufanya upasuaji." Kichwa sikukifikiria. Nilikuwa nalinda kile ambacho watu wangekiona, na kichwa changu hata mimi mwenyewe sikioni.

Nimenyoa. Chiriku aliponiona wodini alijificha nyuma ya mama yake.

Bado niko yadini. Najua utauliza. Kuna dawa, kuna chakula, na kila ninapobisha hodi wananiambia acha namba zako. Kwa hiyo nimetoka nyumbani. Nalala kwenye banda la mlinzi wa yadi, mzee mwema, anakoroma kama lori linalopanda mlima. Jumapili naogea bafu la hospitali, navaa nguo anazoniletea Mama Chiriku, zisizoijua yadi, ndipo naingia. Nakaa mwisho wa kitanda. Simbebi. Juzi alinyoosha mikono nimpandishe begani nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyenyewe havina kamba.

Nimejiuliza nikuandikie nini kuhusu uongo wenyewe. Si kwamba niliionea kazi haya. Haya niliiona siku za mwanzo, baadaye ikawa kazi tu: shoka, jasho, wenzako, mzaha. Niliificha kwa sababu barua zako zote zilikuwa zinamwandikia Mhasibu. Ulimuuliza kuhusu bosi wake, ulimkatia makala za magazeti ya uchumi, ulimshauri asikope. Mlikuwa mnaelewana sana, wewe na yeye. Nikaona nikimwondoa, utabaki huna wa kumwandikia. Na mimi nitabaki sina barua.

Daktari anasema wiki hii wamempima na imeshuka kidogo. Amesema "kidogo" mara mbili, ili nisije nikafurahi.

Mwanao


Agosti 1

Mwanangu,

Marahaba. Niliujua mwandiko wako juu ya bahasha kabla sijavaa miwani. Herufi zako bado zinaegemea kushoto, kama watu wanaotembea dhidi ya upepo.

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliichana. Ilihusu madirisha tu, kurasa mbili nzima, jinsi nilivyoyatoa kwa ajili ya shati. Nilipoisoma tena nikaona kwamba mtoto hakutajwa ndani yake hata mara moja, nikaichana. Mkeo nimemwomba radhi kwa barua yake mwenyewe, maana niliyomwandikia kuhusu deki hakustahili kuyasoma, achilia mbali kuyasoma akiwa na kitambaa mkononi.

Jana wakati wa chakula mzee anayekaa kando yangu aliuliza, kama ilivyo ada yake, "Mhasibu hajambo?" Nikaweka kijiko chini. Nikasema, "Si mhasibu. Anavunja betri yadini, na mtoto wake amelazwa kwa sababu ya kazi hiyo." Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilikuwa nimeandaa hata majibu. Akaniomba chumvi. Tulipokwisha kula ndipo akauliza, "Mtoto ana umri gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaniambia na yeye wajukuu zake hawamjui kwa sura. Basi. Hilo ndilo baraza zima ulilokuwa ukiliogopa huku kwangu: mzee mmoja anayetaka chumvi.

Umesema ningebaki sina wa kumwandikia. Nakiri kwamba yule kijana wa makala za uchumi nilimpenda. Lakini hakuwahi kuniandikia sentensi hata moja kama ile ya kamba za viatu. Niandikie wewe.

Sasa sikiliza. Toka yadini. Siamuru, niliondoka hujui hata kuvaa viatu mwenyewe, sina mdomo wa kuamuru. Nakuomba. Kuna chumba cha mbele, mnachokipiga deki na hakuna anayekilala. Kipangisheni. Hakitakulisheni, lakini kitakupeni nafasi ya kukubali kazi yoyote ndogo ambayo mtoto anaweza kumgusa mtu anayetoka huko. Mnakitunza kwa ajili yangu, na mimi sirudi. Miguu hii haipandi tena hata ngazi za maktaba bila mtu wa kunishika mkono. Sote tumelijua jambo hilo muda mrefu na kila mmoja amekuwa akimsubiri mwenzake aliseme. Nimelisema. Vitabu vyangu viwekeni popote pakavu.

Ukishatoka, rudi ulale kwako.

Baba yako


Novemba 16

Baba mpendwa,

Shikamoo. Chumba cha mbele kina mpangaji, mama mmoja mshonaji, mpole, ana redio moja na mikasi mitano. Siku aliyoingia alisimama katikati ya chumba, akauliza, "Kwa nini kinanukia vitabu?" Vimehamia chini ya kitanda chetu, vimefungwa vizuri.

Mwanao anapakia magunia kwenye ghala la unga. Mgongo unamsumbua, na watu wa mtaa bado wanamwita Mhasibu, hawana habari ya kubadilisha. Siku ya kwanza alitoka nyumbani na fulana, mchana kweupe, akawasalimia wote mmoja mmoja. Jioni akirudi huingia bafuni moja kwa moja, hatusalimii mpaka amejisugua kichwa. Nimemwambia, "Baba Chiriku, huo ni unga wa ngano, tunaula." Anasema vumbi ni vumbi. Simbishii.

Chiriku yuko nyumbani tangu Septemba. Kipimo kinashuka, polepole, kuna mwezi kinasimama. Tumbo limetulia. Maneno mengine yamerudi, mengine bado. Alikuwa anahesabu mpaka kumi bila kusita. Sasa anafika nne, anaanza upya, wala hana wasiwasi, ni sisi ndio tunaobaki tumeshika pumzi. Daktari anasema hatajua mpaka mtoto aanze shule, na hata hapo hatajua yote. Sitaki kukuficha tena kitu, kwa hiyo nakuandikia kilivyo: si yule wa zamani. Tunamlea huyu.

Jumanne tulikuwa kliniki. Sasa nikae vizuri nikueleze, kwa sababu sijamweleza mtu mwingine ila mwanao.

Siku mwanao alipokwenda kurudisha ovaroli yadini nilimsindikiza. Aliyechukua nafasi yake alikuwa amekwisha anza, kijana mwenye afya, anapasua betri kama anapasua kuni, na mkewe alikuwa amemletea chakula, mtoto kiunoni. Mwanao alimwita pembeni akamweleza ya kwetu, kila kitu. Kijana akamsikiliza kwa adabu, akasema, "Pole sana, kaka. Mimi hunawa." Tukaondoka.

Jumanne mwanamke yule yule alikuwa kwenye benchi, watu watatu kutoka kwangu, na mtoto yule yule amemlaza begani. Benchi limejaa kama kawaida, na wengi ni wa mtaani kwetu. Muuguzi alipofika kwake akamuuliza yale yale, nyumba, bomba, sufuria.

"Baba wa mtoto anafanya kazi gani?"

"Dereva," akasema, haraka, bila kuwaza. Mimi nilijua jinsi linavyotoka.

Muuguzi akaandika. Niliinuka, Baba. Nikamwambia, "Samahani, dada. Mimi mume wangu alikuwa anavunja betri, kwenye yadi ya nyuma ya soko." Nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia. Jirani yangu wa ukuta wa pili akageuka mwili mzima. Mtu akasema, "Nani, Mhasibu?" Nikasema, "Huyo huyo. Na huyu mtoto wangu unayemwona, tulikaribia kumpoteza nikiwa nimekaa hapa hapa nasema mhasibu."

Yule dada alinitazama kama nimemvua nguo. "Unanifananisha," akasema. "Mume wangu hafanyi kazi hiyo."

"Najua," nikamwambia. "Hata wangu alikuwa haifanyi."

Nikarudi kukaa, kwa sababu Chiriku alikuwa ananivuta kanga. Muuguzi alishika kalamu yake, hakuenda mbele wala hakurudi nyuma. Yule dada alimrekebisha mtoto begani. Alimtazama uso, alivyolala kinywa wazi. Kisha akamgeukia muuguzi, si mimi. Mimi hakunigeukia tena mpaka tunaondoka.

"Futa hapo," akamwambia.

Mkweo,
Mama Chiriku